Ubishi wa faulo kwenye pool ya mtaani: namna ya kuumaliza kabla haujawa ugomvi

Wakuu, ubishi mwingi wa pool mtaani haumalizwi na anayejua sheria. Unamalizwa na mwenye sauti kubwa, au mwenye mwili, au yule ambaye meza iko kwenye baa ya shemeji yake. Na sababu ni moja tu, watu wanaanza kuulizana sheria wakati mpira umeshazama na hela iko pembeni, hapo kila mtu ana sheria yake alikotoka nayo, huyu anakwambia Sinza tunacheza hivi, yule anakwambia Arusha ni vile, na wote wako sahihi kwao. Kwa hiyo huu mwongozo hauna maana kwamba nakuletea sheria ya mwisho, nakuonyesha pa kushika ili gemu iishe mkiwa mnaongea vizuri. Naongelea ile pool ya nane ya kawaida, mmoja ana mipira ndogo (1 hadi 7), mwingine kubwa (9 hadi 15), nane ya mwisho, meza ya sarafu, hakuna refa.

Hatua ya kwanza: iangalie meza yenyewe

Hii watu wanairuka na ndio mzizi wa nusu ya kelele zote. Meza ya sarafu inameza mipira. Ukishazamisha mpira unaingia kwenye kabati lililofungwa na hautoki mpaka mtu aweke sarafu nyingine au mwenye funguo aje. Nyeupe, ule mpira wa kupigia, peke yake ndio inarudi, kwa sababu ina saizi tofauti kidogo na mingine au ina sumaku ndani, mashine inaitambua na kuipeleka njia yake. Kwenye zile meza ndogo za Kiingereza mipira ya kawaida ina kama milimita 51 na nyeupe kama 48, ndio maana ukiwa umezoea meza kubwa, ambako yote ina milimita 57, unashangaa nyeupe nyepesi inakataa kusogea mbele vile ulivyotaka.

Sasa sheria nyingi za kimataifa zimeandikwa kwa meza ambayo unaingiza mkono shimoni na kuutoa mpira. Mfano mzuri ni nane kuingia kwenye kuvunja, yaani ile shoti ya kwanza ya kutawanya mipira. Kwa sheria za WPA, chama cha dunia cha pool, hapo hujashinda wala hujapoteza, unaamua nane irudishwe mezani muendelee au uvunje upya. Kwenye meza ya sarafu utairudishaje? Haiwezekani. Ndio maana mtaani wengi wanasema nane ikiingia kwenye kuvunja umeshinda. Watu wanaojiona wamesoma sheria wanaicheka hiyo lakini siyo ujinga, ni meza imelazimisha. Kwa hiyo kila mtu akikuletea sheria ya mtandaoni jiulize kwanza kama hii meza inaweza kuitekeleza.

Hatua ya pili: malizeni maneno kabla sarafu haijaingia

Hii ndio hatua yenyewe, zingine zote ni za kuzima moto. Sio lazima mkae kikao. Unapanga mipira huku unaongea, sekunde kumi zimetosha. Vitu vya kuuliza ni hivi: faulo inalipwa na nini, nane unaita shimo (unalitaja kabla ya kupiga) au popote, nane ikiingia kwenye kuvunja inakuwaje, nane ikizama pamoja na nyeupe inakuwaje, na mtu akigusa mpira kwa shati au mkono mnafanyaje.

La kwanza ndio zito. Kuna familia mbili za pool zimekutana kwenye baa zetu. Moja ni ya Kimarekani, ukifanya faulo mpinzani anachukua nyeupe mkononi na kuiweka anapotaka meza nzima. Nyingine ni ya upande wa Waingereza, pool ya kwenye baa zao, ambako faulo inalipwa kwa shoti mbili. Mtaani zimechanganywa, wengine nyeupe mkononi lakini nyuma ya mstari tu, wengine mkononi na shoti mbili juu yake (hiyo mimi naiona ni uonevu, mtu anakumaliza meza nzima kwa kosa moja dogo, ila kama mmekubaliana poa). Zote zinachezeka. Isiyochezeka ni ya mtu anayedai mkononi ikiwa faida yake halafu akifanya yeye faulo anasema hapa tunapiga mbili kutoka nyeupe ilipo. Ukimkuta wa hivyo tatizo lako sio sheria.

Namna ya kusema: "Bro, faulo mkononi popote, nane tunaita shimo, nane na nyeupe umepoteza, ukigusa mpira mwingine unarudishwa tunaendelea. Sawa?" Subiri aseme sawa, tena aseme kwa sauti, waliokaa wasikie. Kama ni mtu mzima kakuzidi umri usimsomee masharti, muulize, "Shikamoo mzee, hapa mnacheza mkononi au mbili?" Atakujibu na wewe utakubaliana nae au utaomba mbadilishe kimoja. Na kwenye meza ambayo mshindi anabaki, utaratibu wa kiungwana ni kwamba sheria zinazoendelea ndio hizo hizo, wewe uliyekuja umezikuta. Ukitaka zako subiri ushinde ubaki wewe, halafu uwaambie wanaokuja.

Hatua ya tatu: simamisha shoti yenye utata kabla haijapigwa

Shoti zinazoleta vurugu zinajulikana kabla. Nyeupe iko karibu sana na mpira, au mpira wake na wako imekaa pamoja na anataka kuugonga wa kwake kwanza, au anataka kuinua fimbo juu ya mpira mwingine. Ukiiona hiyo usikae kimya ukisubiri akosee. Sema, "Ngoja kidogo kaka, hii tumwite mtu aangalie." Hata kwenye mashindano yenye mpangilio, kama hakuna refa pale mezani, anaitwa mmoja aje aangalie hiyo shoti. Nyie mnamuazima mmoja kwa shoti moja.

Shahidi awe nani sasa. Asiwe rafiki yako uliyekuja nae. Asiwe aliyeweka hela. Na asiwe anayefuata kwenye foleni, huyo ana maslahi na gemu kuisha haraka, atatoa faulo hata kwenye hewa! Tafuta mtu wa meza nyingine, au yule dada wa kaunta kama anaijua pool na wengi wanaijua kuliko sisi. Asimame ubavuni mwa ile mipira miwili, sio nyuma ya mpigaji, kwa nyuma hauoni kitu. Na mkubaliane mapema kwamba atakachosema ndio hicho.

Hatua ya nne: kosa limetokea, fungua mdomo, funga mikono

Kosea yote ila usikosee hii. Mtu akidhani kuna faulo haraka anaikamata nyeupe. Usishike! Kama haikuwa faulo, basi wewe ndio umefanya faulo kwa kuishika nyeupe ambayo haikuwa mkononi kwako, na pia umeharibu ushahidi, maana mahali mipira iliposimama ndio inaonyesha kilichotokea. Acha vyote visimame, halafu uliza, "Hiyo faulo, au?" Akisema ndio, chukua. Akikataa, mnaenda hatua inayofuata huku meza iko vile vile.

Na sema hapo hapo. Kwa sheria za kimataifa faulo ambayo haikusemwa kabla ya shoti inayofuata kuanza inahesabika haikutokea. Mtaani watu wanakumbuka faulo baada ya kufungwa, "wewe si uligusa pale mwanzo!", hiyo haina kazi. Imepita.

Na wewe mpigaji kama umejua umegusa, sema mwenyewe. Siku moja utahitaji uaminike.

Hatua ya tano: uamue vipi

Hapa ndio penye nyama, nitaenda kwa zile zinazojirudia.

Imegusa upi kwanza. Nyeupe imepita kwenye mipira miwili, wako na wake, kila mtu ameona lake. Angalia nyeupe ilielekea wapi. Ikigonga mpira wa kushoto kwanza inasukumwa kulia, ikigonga wa kulia kwanza inaenda kushoto, haidanganyi. Kama imegonga yote kwa pamoja na hakuna anayeweza kusema kwa uhakika, sheria inampa mpigaji, inachukuliwa aligonga wa halali kwanza. Watu hawapendi hii lakini ndivyo ilivyo, na inasaidia maana vinginevyo mtabishana mpaka baa inafungwa.

Kugonga mara mbili. Hii ndio mama wa ubishi wote. Nyeupe iko karibu na mpira, nafasi hata chaki haipiti, mtu anapiga moja kwa moja kwa nguvu na vyote viwili vinakwenda mbele kwa pamoja. Hiyo karibu mara zote ni faulo, fimbo imeigonga nyeupe ikagonga mpira ikarudi kwenye fimbo ikasukumwa tena. Ushahidi uko kwenye mwendo, nyeupe ikigonga mpira usoni inatakiwa kwanza ipunguze au isimame pale, ikibaki na spidi na kuufuata mpira sako kwa bako jua imepigwa mara mbili. Haijalishi kwamba sauti ilisikika moja, masikio hayawezi kutofautisha. Mpigaji mjanja hapo anapiga kwa pembe, akiugusa mpira pembeni kidogo tu inakubalika.

Sasa kama vimegusana kabisa, nyeupe imebusu mpira, hapo zile familia mbili zinapishana na ndio wengi wanakosana bila kujua. Kwa sheria za WPA za pool ya nane unaruhusiwa kupiga kuuelekea huo mpira kwa fimbo ya kawaida. Kwa zile za blackball, zenye asili ya Uingereza, unatakiwa upige kuondoka, usiusogeze. Kwa hiyo mkiona vimegusana, tangazeni kabla, "vimegusana, unaruhusiwa au unaondoka?" Ni swali dogo linaloua ugomvi mkubwa.

Hakuna kilichogusa ukingo. Sheria rasmi inasema baada ya nyeupe kugonga mpira wako, lazima mpira uzame au chochote kiguse ukingo, hata nyeupe yenyewe. Mtaani wengi hawaichezi. Mimi nashauri muicheze, bila hiyo mtu anakuwa anasukuma nyeupe taratibu inajificha nyuma ya mpira wake na wewe unafanya hivyo hivyo, gemu inaganda na foleni inanuna. Lakini kama hamkuitaja mwanzoni usiilete katikati.

Kugusa mpira. Shati limeburuza, kiwiko kimegonga, fimbo imeparuza. Ikiwa ni nyeupe, hata ncha ya fimbo ikiigusa wakati unalenga, ni faulo, basi, hiyo haina mjadala. Ikiwa ni mpira mwingine na hakuna refa, utaratibu mzuri unaotumika sana ni kwamba mpinzani ndiye anayechagua, urudishwe ulipokuwa au ubaki ulipofika. Anayerudisha awe mpinzani au mkubaliane wote, aliyegusa asiurudishe mwenyewe, tunajuana.

Nane. Ukiizamisha kabla hujamaliza mipira yako umepoteza. Ukiizamisha shimo ambalo hukuita umepoteza, kama mlikubaliana kuita. Ukiizamisha na nyeupe ikafuata umepoteza. Ikiruka ikadondoka chini umepoteza. Lakini, na hapa vijiwe vingi vinapinga, ukipiga nane ukaikosa na nyeupe ikazama, hujapoteza kwa sheria rasmi, ni faulo ya kawaida, mpinzani anachukua nyeupe mkononi mnaendelea. Kuna sehemu wanakumaliza hapo hapo. Ndio maana nimesema iulizwe mwanzo.

Kuna lingine la kuita shimo, mtu anaonyesha kwa kidevu au macho halafu mpira unaingia kona nyingine anasema "si nilionyesha huku". Shimo la nane linaitwa kwa mdomo au linagongwa kwa mkono. Kidevu hakihesabiki.

Umezamisha kwenye kuvunja, je ndio wako? Kwa sheria rasmi hapana, meza bado iko wazi, yaani hakuna mwenye ndogo wala kubwa, unachagua kwa shoti halali inayofuata. Mtaani wengi wanachukua kilichoingia. Yoyote poa, ila umezamisha moja ndogo na moja kubwa kwa pamoja hapo hakuna namna, meza iko wazi.

Mpira umesimama mdomoni mwa shimo, kila mtu amekubali umesimama, mara ukadondoka wenyewe. Rasmi, ukiwa umetulia sekunde 5 au zaidi halafu ukaanguka unarudishwa ulipokuwa. Kwenye meza yetu inayomeza, ndio hivyo tena. Ninachoshauri mimi: kama ni ndogo au kubwa uhesabike kwa mwenye mpira lakini zamu isibadilike kwa ajili yake. Kama ni nane na hakuna aliyegusa meza, gemu irudiwe na mchangie sarafu nusu nusu. Kama kuna aliyeigonga meza kwa nyonga au kuegemea, huyo ndio mwenye msala.

Mguu. Angalau mguu mmoja uwe chini. Wafupi mnanielewa, kuna ile shoti ya katikati ya meza unajikuta umelala kama uko kitandani. Omba fimbo ndefu au tumia mkono wa pili. Na kupiga wakati mipira bado inatembea ni faulo pia, hata kama ilikuwa inakaribia kusimama na umechoka kusubiri.

Hatua ya sita: hamkubaliani na hakuna aliyeona

Inatokea. Shahidi alikuwa anaangalia mpira kwenye tivii. Fuata mpangilio huu usiruke. Kwanza, angalieni ushahidi wa meza kama nilivyosema kwenye mwelekeo wa nyeupe. Ukishindikana, kama mnaweza kurudisha mipira ilipokuwa bila ubishi mpya, shoti irudiwe, tena na shahidi safari hii. Hamuwezi kurudisha, mpeni faida mpigaji, maana anayedai faulo ndiye anatakiwa aonyeshe. Bado hamuelewani, rusheni sarafu, kichwa au mwenge, maliza. Kuna watu wanaona kurusha sarafu ni utoto, mimi naona utoto ni watu wazima wawili kushikana mashati kwa ajili ya hela ya soda.

Mkiwa mmeweka hela, ikae kwa mtu wa tatu toka mwanzo. Hela ikiwa mfukoni kwa mmoja wenu ubishi unageuka, hambishani tena kuhusu faulo, mnabishana nani anatoa. Na kama mwenzako ameshalewa na anaongea huku ameshika fimbo upande mwembamba, mwachie gemu. Kweli kabisa. Weka fimbo yako mezani, sio mkononi, mwambie "poa kaka chukua", mlipie sarafu ukae. Utampata wiki ijayo akiwa mzima na utamfunga vizuri.

Ukishapata uamuzi wowote hapo, usikumbushie. Mtu anakubali faulo halafu kila shoti ananung'unika "si wewe umepewa". Hiyo inaharibu kuliko faulo yenyewe.

Hatua ya saba: umeme, mlevi na mashine

Umeme ukikatika katikati ya gemu, kila mtu aondoe mikono mezani, mmoja awashe tochi ya simu na apige picha meza nzima kwa juu kabla hamjaanza kulaumu Tanesco. Mtu akija kugonga meza gizani mna picha ya kurudishia mipira. Simu iwe ya mtu asiyecheza ikiwezekana. Hivyo hivyo kwa mlevi anayepita na kusogeza mpira kwa kidole "nawasaidia", hiyo sio faulo ya mtu, mipira inarudishwa ilipokuwa, anayepiga anaendelea.

Mashine nayo inaleta yake. Nyeupe inazama na hairudi, au inapita njia ya mipira mingine ikafungiwa ndani. Faulo ni faulo, nyeupe ilizama, zamu imehama, ila msianze kuitikisa meza, mkiitikisa mipira iliyobaki inasogea na mna ubishi mwingine juu ya ule. Pigeni picha, muiteni mwenye funguo. Akishafungua kabati msidai na mipira mingine itolewe irudi mezani kwa sababu tu mlango uko wazi, isipokuwa kama ilikuwa nane iliyodondoka yenyewe, hiyo hapo ndio mna nafasi ya kuirudisha kwa haki badala ya kuanza gemu upya.